Bolti Nane za Nyuma

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Chapuchapu alikuwa na kazi moja ya lazima: kufagia uwanja wa mbele ya nyumba yao na kuokota bolti, nati na misumari iliyodondoka jana yake. Upande wa kulia wa uwanja huo kulikuwa na banda la mabati ambamo mama yake alitengeneza magari. Upande wa kushoto kulikuwa na kibaraza ambapo baba yake alishona nguo kwa cherehani. Mgeni akipiga hodi na kuuliza, "Fundi yupo?" mtu yeyote wa nyumba hiyo alimjibu, "Yupi, wa nguo au wa magari?" Hata hivyo, watu walizidi kukosea. Wiki iliyotangulia mzee mmoja aliyechanikiwa na suruali alielekezwa bandani, akaikuta miguu ya mama ikichungulia chini ya lori, na mzee wa watu akabaki ameduwaa na suruali yake mkononi.

Jina la Chapuchapu hakupewa na wazazi. Alipewa na wenzake tangu darasa la pili, kwa kuwa kila jambo alilifanya mbiombio. Alikula upesi, aliandika upesi, alifagia upesi. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na bado hakuwa amejifunza kutembea pale palipowezekana kukimbia.

"Umemaliza kufagia?" mama alimuuliza Ijumaa hiyo, akinywa chai kwa kusimama.

"Zamani, mama!"

"Na nyuma ya pipa?"

"Nyuma ya pipa..." Chapuchapu aliutazama ufagio. "Ndiyo kwanza naenda."

Baba alikuwa ameshika pini tatu mdomoni. Alicheka kwa pua tu, maana hakuthubutu kufungua mdomo.

Siku hiyo Chapuchapu alikuwa na haraka ya haki kabisa. Baada ya masomo, mama yake angekuja shuleni, na si kwa sababu ya mashtaka. Angekuja kufanya kazi.

Nyuma ya madarasa yao palikuwa na basi kuukuu. Injini yake ilikufa, na mwenyewe, badala ya kuliuza kama chuma chakavu, akalitoa kwa shule. Lilivutwa na lori hadi pale, likakalishwa juu ya matofali mazito ya zege, na mwalimu wa stadi za kazi akatangaza kwamba litageuzwa kuwa maktaba. Shule haikuwa na maktaba. Vitabu vilirundikwa kwenye makabati mawili ofisini, na mwanafunzi aliyetaka kitabu cha hadithi alilazimika kusubiri mwalimu atafute funguo, naye mara nyingi hakuziona.

Kazi kubwa ilikuwa kuviondoa viti. Kila kiti kilifungwa kwa bolti nne nene zilizopita sakafuni na kuzama ndani ya mihimili ya chuma, hadi ncha zake zikatokeza chini ya basi. Matundu hayohayo ndiyo seremala angeyatumia kufunga rafu za vitabu, kwa hiyo kila bolti ilitakiwa itoke nzima. Viti vya mbele vilikwisha kutolewa juma lililopita. Vilibaki kumi vya nyuma, yaani bolti arobaini, na seremala alikuwa anakuja Jumatatu asubuhi.

Alasiri mama aliwasili na sanduku lake la spana, akawakusanya wanafunzi kumi wa darasa la sita mlangoni mwa basi.

"Nani ataniambia kwa nini bolti hizi hazitaki kutoka?"

"Zimezoea kukaa, fundi," alijibu mvulana mwembamba aitwaye Kijiti, rafiki na jirani ya Chapuchapu. Wenzake wakaangua kicheko.

"Mnamcheka bure, amesema kweli," mama alisema. "Basi hili limepita kwenye mvua na matope miaka na miaka. Maji yameingia, kutu imekula chuma, na sasa bolti na mhimili vimegandana. Ukiivuta kwa hasira inakatika. Kichwa unabaki nacho mkononi, mwili unabaki tunduni, na hapo ndipo kazi ya dakika tano inakuwa ya siku mbili. Kwa hiyo leo hatufungui hata moja. Leo tunazilainisha tu."

Akawaonyesha. Kwanza unasugua kutu kwa brashi ya waya, miwani ya kinga ikiwa machoni. Pili unaigonga bolti taratibu kwa nyundo ndogo, ili kutu ipate nyufa. Tatu unadondoshea mafuta ya kulegeza kutu, kwenye kichwa kule juu na kwenye ncha kule chini, kisha unayaacha usiku kucha yajipenyeze.

"Muhimu zaidi ni chini," alisema. "Juu mmekuwa mkikanyaga tu. Chini ndiko matope yalikokuwa yakipiga. Sasa, nani atapaka?"

"Mimi!" Chapuchapu aliruka. "Mimi nimezaliwa gereji!"

"Umezaliwa hospitali, na nilikuwapo," mama alijibu, na kicheko kikalipuka upya. "Haya, chukua. Makopo mawili haya. Kila bolti ukishaipaka chini na juu, weka alama ya chaki kando ya kichwa chake. Kesho atakayeshika spana ataangalia alama. Ikiwepo, anafungua. Isipokuwepo, haigusi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Chapuchapu alivaa miwani, akatandika boksi lililokunjuliwa, akajilaza chini ya basi. Mwanzoni aliifurahia kazi. Alisugua, akagonga, akadondosha, akasogea. Mafuta yalinukia kama mafuta ya taa. Alipanda juu, akapaka vichwa, akaweka alama, akashuka tena. Bolti nane. Kumi na sita. Ishirini na nne. Kopo la kwanza lilipokauka, alikuwa amefika thelathini na mbili, tena zote kwa uangalifu ambao yeye mwenyewe aliushangaa.

Zilibaki nane, za viti viwili vya mwisho, juu ya magurudumu ya nyuma. Huko kulikuwa na shida nyingine kabisa. Matope yaliyorushwa na magurudumu yalikuwa yameganda kama saruji, na ncha za bolti hazikuonekana. Aliposugua mara ya kwanza, vumbi na vipande vya udongo vilimmwagikia shingoni na kuteremka ndani ya sare. Utando wa buibui ulimnasa sikioni. Alisugua tena, na matope hayakubanduka hata kidogo.

Wakati huohuo alisikia wenzake uwanjani wakiruka kamba na kuhesabu kwa sauti. "Kumi na tano! Kumi na sita!" Kisha msichana mmoja akaita, "Chapuchapu, zamu yako inakupita!"

Akatulia pale chini, brashi mkononi. Aliwaza kwamba thelathini na mbili si haba. Aliwaza kwamba chini ya basi hakuna anayechungulia. Akatambaa akatoka, akapanda ndani, akafungua kopo la pili, akavipaka vichwa vinane mafuta mengi hadi yakamwagika pembeni, na kando ya kila kichwa akachora alama ya chaki kubwa kuliko zile nyingine zote.

"Umezimaliza?" mama alimuuliza alipomwona anakimbia kuelekea kwenye kamba.

"Zote, mama."

"Juu na chini?"

Chapuchapu alisita kidogo tu, kama mtu anayeruka dimbwi. "Juu na chini."

Mama alimgeukia mwalimu wa stadi za kazi akitabasamu. "Leo mwanangu amenishangaza. Kazi ya saa mbili ameifanya kwa saa mbili!"

Chapuchapu aliruka kamba hadi ishirini na tatu. Lakini jioni, mama alipomsimulia baba sifa hizo wakati wa kula, hakuweza kumtazama yeyote machoni. Baba alimwongezea kipande cha nyama kwa kumpongeza. Kilikuwa kipande kizuri, naye akakitafuna muda mrefu pasipo kukifaidi.

Jumamosi saa mbili asubuhi walikuwa wote ndani ya basi. Bolti ya kwanza ilifunguliwa na mama mwenyewe ili waone. Aliikaza kwanza kidogo upande wa kufungia, ndipo akailegeza. Robo mzunguko mbele, robo nyuma. Ghafla ikatoa mlio mwembamba, kwiii, kama mlango wa zamani, ikaanza kuzunguka.

"Hiyo imekubali!" watoto walipiga makofi.

Tangu hapo kazi ikawa tamu. Walipokezana spana wawili wawili. Kila bolti iliyolia kwiii ilishangiliwa. Kiti kilipolegea kilibebwa na watoto wanne, kikatolewa mlangoni kwa kelele za "Inua! Pinda! Kichwa chako!" na kupangwa chini ya ukuta, ambapo wavivu wawili walikwisha kuvikalia na kujifanya abiria. Ilipotimu saa nne, viti vinane vilikuwa nje. Ndani ya basi sauti zilianza kutoa mwangwi.

Vilibaki viwili vya nyuma, na zamu ilikuwa ya Kijiti.

Kijiti hakuwa mtu wa papara. Aliangalia alama ya chaki, akagusa mafuta kwenye kichwa kwa kidole, akaridhika. Aliivika spana, akakaza kidogo, akalegeza. Kimya. Akarudia mara tatu.

"Ongeza bomba," mama alimwambia kutoka mlangoni, "lakini vuta polepole."

Kijiti alichomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu, akavuta polepole, uso umemkunjamana. Chapuchapu alikuwa amesimama nyuma yake na ufagio. Alifungua mdomo kusema jambo, kisha akajifanya anafagia.

Ta!

Bomba liliruka. Mkono wa Kijiti ulijigonga kwenye chuma cha kiti, na kichwa cha bolti kikabiringika sakafuni hadi kwenye kiatu cha mwalimu.

"Nguvu za ng'ombe!" mwalimu alifoka. "Mara ngapi mmeambiwa taratibu?"

"Mwalimu, nimevuta taratibu." Kijiti alikuwa ameushika mkono wake. Ngozi ya vidole viwili ilikuwa imechubuka na damu inatoka.

"Taratibu gani hiyo inayokata chuma? Wenzako wametoa thelathini na mbili bila kukata hata moja. Kaoshe mkono, kisha ushike ufagio. Spana huigusi tena."

Kijiti aliinamisha kichwa. Chapuchapu alimkabidhi ufagio kwa sababu ulikuwa mkononi mwake, na ule ufagio ulimwelemea kama gogo.

Mama aliusafisha mkono wa Kijiti kwa maji na sabuni, akaufunga kwa kitambaa safi, halafu akarudi nyuma ya basi akiwa amekunja uso. "Mwalimu, nilikuwa namwangalia. Hakuvuta vibaya." Akaijaribu mwenyewe bolti iliyofuata. Iliguna, haikusogea. Akaiacha upesi kabla nayo haijakatika. Akagusa mafuta, akayanusa. "Alama zipo. Mafuta yapo. Sasa kwa nini hizi tu? Chapuchapu, kopo la pili ulilitumia huku nyuma?"

"Ndiyo, mama."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na kwa sababu lilikuwa la kweli lilimtoka kirahisi.

Mama hakuinama kuchungulia chini. Jana alikwisha kuuliza, na alikwisha kujibiwa. "Basi nimeuziwa mafuta mabovu," alisema. "Chukua kopo, tunakwenda kwa mzee wa vipuri sasa hivi."

Duka la vipuri lilikuwa mtaa wa pili. Lilikuwa jembamba, mikanda ya injini ikining'inia darini, na lilinukia mpira mpya. Mwenye duka alikuwa mzee mpole ambaye miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja. Mama alikuwa akinunua kwake tangu alipokuwa fundi mwanafunzi. Njiani mama alitembea haraka, na safari hii ni Chapuchapu aliyekuwa akibaki nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo unakuja kama mvua ya mawe?"

"Mzee wangu, nimekuamini miaka mingi." Mama aliliweka kopo mezani kwa kishindo kikubwa kuliko alivyokusudia. "Mafuta haya ni maji matupu. Yamemwumiza mtoto wa watu."

Wateja wawili waliokuwa dukani waligeuka. Mzee aliondoa mkono wake kwenye daftari, akalishika kopo, akalinusa, akadondosha tone kwenye kidole na kulisugua. Uso wake ulinywea.

"Ameumia sana?"

"Vidole. Atapona. Lakini ingeweza kuwa jicho."

"Haya, haya." Mzee alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa chafu. "Mimi naona ni mafuta yaleyale, lakini pua yangu imezeeka, pengine wamenidanganya waliponiletea. Ngoja." Alikokota boksi kutoka chini ya meza, lenye makopo mengine kumi au kumi na mawili, mapya, yanayong'aa. "Haya nayatoa yote. Sitaki kumwuzia mtu kitu cha kumwumiza. Ninyi mliokuja kununua haya, mtanisamehe, leo hayapo."

Mteja mmoja alilirudisha kopo alilokuwa ameshika, akamtazama mzee kwa jicho la shaka. Mzee alianza kuyahamisha makopo nyuma ya duka moja moja.

Chapuchapu aliyatazama makopo hayo. Jana lilikuwa jambo dogo lililofichika chini ya basi, mahali pasipochungulika. Sasa Kijiti alikuwa na ufagio na aibu, mama alikuwa anagombana na mtu anayempenda, na mzee huyu alikuwa amekosa imani na pua yake mwenyewe. Wote walikuwa wanabeba mzigo, na mwenye mzigo amesimama tu, mikono mitupu.

"Mzee, usiyatoe," alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo mno. Akaipandisha. "Mzee, usiyatoe! Mafuta hayana kosa. Mama, zile nane sikuzipaka chini. Kulikuwa na matope, nikachoka, nikapaka juu tu. Halafu nikaweka chaki."

Mama alimgeukia polepole.

"Nilikuuliza juu na chini."

"Uliniuliza, mama. Nikadanganya."

Chapuchapu alingoja kelele. Hazikuja. Mama alimgeukia mzee, akaweka mkono kifuani na kupiga goti kidogo.

"Mzee wangu, nisamehe. Nimekuja na maneno makali mbele ya watu, na kosa lilitoka nyumbani kwangu."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Chapuchapu. Hakuwahi kumwona mama yake akiomba radhi kwa jambo ambalo hakulifanya.

Mzee alivaa tena miwani, akawatazama wote wawili, mara akacheka kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. "Kumbe pua yangu nzima! Mlikuwa mmeshaniua mimi na mafuta yangu. Njoo, binti. Nisaidie kuyarudisha makopo haya mahali pake. Na wewe bwana, lichukue kopo lako, umeshasikia."

Chapuchapu aliyarudisha yote, moja moja, akayapanga kwa mstari.

Njiani walitembea bega kwa bega. "Umeniaibisha," mama alisema hatimaye, "na siwezi kusema hujaniaibisha. Lakini umesema kabla ya kubanwa, na hilo nimeliona. Limebaki lililo gumu zaidi."

"Kijiti?"

"Kijiti."

Walimkuta akifagia vumbi la kutu ndani ya basi kwa mkono mmoja, wenzake wakiwa wamekaa kwenye viti nje, wanangoja. Chapuchapu alitamani kumvuta pembeni amnong'oneze. Lakini lawama Kijiti alipewa mbele ya wote. Akasimama mlangoni mwa basi, mahali ambapo kila mtu alimwona.

"Kijiti hakutumia nguvu," alisema. "Bolti ile ilikuwa kavu kwa chini. Mimi sikuipaka, nikaiwekea alama. Yeye aliiamini alama yangu. Kijiti, nisamehe. Na nilikuona unalaumiwa, nikanyamaza. Hilo nalo unisamehe."

Kijiti aliegemea ufagio, akafikiri. "Inauma, ujue," alisema, akiinua mkono wenye kitambaa.

"Najua."

"Hujui, hukupigwa wewe." Kisha akamgeukia mwalimu. "Kwa hiyo, mwalimu, mimi si ng'ombe?"

Watoto walijaribu kuzuia kicheko, wakashindwa. Mwalimu naye alijikuna kidevu, akavua kofia yake.

"Wewe si ng'ombe," alisema. "Nilikuhukumu kabla ya kukusikiliza, na nilikosea. Nisamehe, mwanangu. Spana ni yako."

"Ufagio nampa nani?"

"Nipe mimi," alisema Chapuchapu.

"Ufagio nitaushika mimi," mwalimu alisema. "Wewe una kazi yako chini."

Chapuchapu alivaa miwani, akajilaza kwenye boksi lake, akatambaa hadi nyuma ya magurudumu. Matope yalikuwa yaleyale, na buibui alikuwa ameshatengeneza utando mpya. Alisugua hadi mkono wa kulia ukachoka, akahamia wa kushoto. Alikwangua kwa kipande cha bati. Alimwaga maji kidogo, akangoja yalowe, akakwangua tena. Uwanjani hapakuwa na kamba wala kelele, na hata zingekuwapo asingezisikia. Ncha ya kwanza ilipojitokeza, nyekundu kwa kutu, aliigonga na kuipaka, akaenda ya pili. Saa saba ilimkuta kwenye ya sita. Zote nane zilipokwisha, pamoja na ile iliyokatika, alimwita mama yake.

"Mama, njoo uangalie."

"Umepaka zote?"

"Nimepaka zote. Lakini njoo uangalie kwa macho yako."

Mama alijilaza kando yake, akawasha tochi, akaichunguza moja baada ya nyingine. "Sawa," alisema. "Sasa tunayaacha mafuta yafanye kazi. Kesho alasiri."

Jumapili alasiri mzee wa vipuri alikuja mwenyewe kushuhudia, akiwa na kopo la akiba mfukoni endapo litahitajika. Kijiti alishika spana kwa mkono wake mzima, na rafiki mwingine akamsaidia kuvuta. Bolti ya kwanza ilinyamaza. Wakaikaza kidogo, wakailegeza, wakadondoshea mafuta, wakarudia. Mara ya tano ikalia kwiii, na mzee akapiga kofi moja kubwa lililowashtua wote.

Saba zilitoka nzima. Ikabaki ile isiyo na kichwa.

"Hii haina pa kushikwa juu," mama alieleza. "Lakini chini ncha yake inatokeza. Tutaibana kwa spana ya bomba, tuizungushe iendelee kuteremka hadi ianguke. Chapuchapu, kazi hiyo ni yako. Kijiti ataangalia juu akuambie kama inasogea."

Ilichukua karibu saa nzima. Chapuchapu alibana, akazungusha upana wa kidole, akaachia, akabana tena.

"Imesogea?" aliuliza kutoka chini.

"Bado," sauti ya Kijiti ilishuka kupitia sakafuni.

Akadondoshea mafuta, akangoja, akagonga, akabana.

"Sasa?"

"Bado. Usikate tamaa. Ngoja... imezama! Imezama kidogo!"

Ilipoanguka ilimdondokea kifuani, nzito, yenye joto la kusuguliwa. Juu ya kichwa chake palikuwa na tundu safi la duara, na jicho la Kijiti likachungulia ndani yake.

"Nakuona," alisema Kijiti. "Una kutu hadi masikioni."

Walivibeba viti viwili vya mwisho, Chapuchapu na Kijiti wakiwa pembe moja. Basi likabaki tupu, refu kuliko walivyodhani, jua la alasiri likiingia kwa madirisha yote. Walinawa kwa sabuni ya unga kwenye karai, kisha wakavikalia viti vile ukutani, watoto, mwalimu, mzee na mama, kama abiria wanaongoja dereva.

Mama alifuta mikono kwa kitambaa. "Nataka kuwaambia jambo moja, na si kwa Chapuchapu peke yake," alisema. "Kazi nyingi za dunia hufanyika mahali pasipoonekana. Mimi nikifunga breki za gari, mwenye gari hazioni. Mzee huyu akileta mafuta, hatuyaoni yalikotoka. Mshonaji akipiga pindo, lipo ndani. Wote tunaaminiana tu. Kwa hiyo unaposema 'nimemaliza' wakati hujamaliza, kazi haipotei, bali inahamia kwa mtu mwingine bila yeye kujua, na ndiye anayeumia. Ukichoka, sema umechoka. Ukishindwa, sema umeshindwa, utasaidiwa. Juzi ningeambiwa tu kwamba zimebaki nane, ningeingia chini mimi mwenyewe, na tungecheka. Na ukishakosea, usingoje kosa likue. Liseme lingali dogo, maana bolti ikishakatika inatoka kwa jasho, ila inatoka. Mmeona wenyewe."

"Tumeona, fundi," walijibu kwa pamoja.

Jumatatu asubuhi, seremala alipofika na mbao zake, alipanda basini, akatembea hadi mwisho akihesabu matundu. Yote arobaini ya nyuma yalikuwa wazi. Chapuchapu alimsikia kutoka dirisha la darasa lao akiita msaidizi wake alete rafu ya kwanza, na ilipofika adhuhuri, vitabu vilianza kuhamishwa kutoka ofisini.